Muziki wa kutisha hautaiokoa sini yako ya kwanza

"Weka muziki wa kutisha hapo mwanzo, watu washtuke." Nimeletewa ombi hili tena, pamoja na picha zake: mtu anapita kwenye korido, anafungua mlango, anaingia, basi. Hatumjui ni nani wala hatujui kuna nini mle ndani. Mimi ni mhariri wa filamu, na hapo sina cha kuokoa. Mtazamaji hajapewa kitu cha kuogopa, na besi nzito haiwezi kumpa.

Nikibisha, natajiwa Jaws. "Mbona muziki wa ile ni noti mbili tu?" Haya, twende huko huko.

Jaws, filamu ya Steven Spielberg kuhusu papa anayekula watu, ilitoka 1975 na ikapata Oscar tatu: ya uhariri, aliyoipata Verna Fields, ya muziki, aliyoipata John Williams, na ya sauti. Watu wameshika ya muziki, zile mbili wamezisahau. Tazama inavyoanza. Majina yanapita huku kamera ikipenya kwenye mwani chini ya bahari, na noti mbili zinarudiwa kwa mwendo unaozidi kukaza. Haliwi mtu hapo. Ghafla tunakatiwa ufukweni: vijana, moto, harmonika, gitaa. Tayari mtazamaji ana habari ambayo vijana hao hawana, kwamba huko majini kuna kitu kinatembea. Taharuki imeshaanza, na hakuna aliyelowa hata mguu.

Msichana, Chrissie, anakimbilia majini. Kijana anayemfuata amelewa, anaangukia mchangani. Juu ya maji kumetulia. Kisha kamera inahamia chini na kumtazama kutoka kilindini: umbo jeusi kwenye mwanga, miguu inapiga maji taratibu. Shoti hii ndiyo inayobeba sini nzima. Tumewekwa mahali pa yule anayewinda, tunaona kile ambacho Chrissie hawezi kukiona, na hatuna namna ya kumwonya. Zima sauti utazame tena. Bado utakaza mabega.

Halafu mvuto wa kwanza. Rudia hapo polepole, maana wengi mnapapita. Hakuna damu, hakuna meno. Kichwa chake kinazama kidogo na kurudi juu, na usoni kuna mshangao tu, kama mtu ambaye hajaelewa kimemgusa nini. Fields anatuachia uso huo kwa muda. Ndipo unakuja mvuto wa pili, ndipo anaanza kuburutwa huku na huku. Susan Backlinie, aliyeicheza nafasi ile, alikuwa mtaalamu wa michezo ya hatari, na alivutwa kwa kamba. Papa hatumwoni kabisa. Mhariri mwenye haraka angeukata ule uso mapema ili akimbilie mayowe, na angeua kila kitu, kwa sababu katika sekunde ile mtazamaji anajua zaidi ya Chrissie na anamsubiri ajue.

Na katikati ya mayowe tunakatiwa kwa yule mlevi mchangani. Amelala, mawimbi madogo yanapiga, kumetulia. Tukirudi majini, tunajua hakuna anayekuja. Mwisho bahari inatulia, Chrissie hayupo, na muziki hakuna.

Sasa huo muziki wenyewe. Spielberg amekiri hadharani kwamba bila muziki wa Williams filamu ingefika nusu tu ya mafanikio yake, nami sibishani naye. Ninachobisha ni sababu. Muziki ule unafanya kazi kwa kuwa unatoa taarifa: ukisikika, papa yupo. Wanaujali sana uaminifu huo. Baadaye kuna watoto wawili wanaotisha watu kwa pezi la kadibodi, na noti zile hazipigwi, kwa kuwa papa hayupo. Wakishakuzoesha hivyo, wanakuvunjia ahadi: Brody, mkuu wa polisi anayemsaka papa, anamwaga chambo nyuma ya boti, hakuna noti hata moja ya kumtahadharisha, na papa anaibuka mbele yake. Unaruka kwa sababu ulikuwa unautegemea muziki ukuambie. Wewe unayepaka besi kila sini kuanzia mlango hadi sufuria ya chai, utamvunjia mtazamaji ahadi gani?



Kuna jambo moja linanisumbua. Kwenye vibanda vya video, filamu ya kutisha husimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti yake yote. Msimulizi anafunika muziki, anafunika ukimya, wakati mwingine anatangaza kifo kabla hakijafika. Kwa hesabu zangu taharuki ingekufa, lakini nimeona chumba kizima kikishika pumzi. Naweza kusema picha zinajitosheleza. Naweza pia kusema sauti ya msimulizi inashika kazi ya noti zile mbili, kuwapa watu habari ambayo mhusika hana. Naegemea hilo la pili, ila bado sina uhakika nalo.

Simu nayo inanitatiza. Noti za Jaws ziko chini kabisa, na spika ya simu haizitoi vizuri, ilhali watazamaji wetu wengi wako kwenye simu. Kwa hiyo siku hizi nahariri sini ya kwanza ikiwa bubu hadi ifanye kazi, ndipo naongeza sauti moja ya juu yenye chanzo kinachoonekana, bawaba, kengele, kijiko kwenye kikombe, na kuijaribu kwenye simu ya bei nafuu. Ukiniletea picha za korido, niletee na shoti ya kile kinachosubiri upande wa pili wa mlango. Muziki tutauzungumza baadaye.