Barabara 439 ya Shikoku: jiandae kwa mteremko kuliko mlima

Barabara ya Taifa 439 inakatiza milima ya kisiwa cha Shikoku, Japani, kwa zaidi ya kilomita 300, kutoka Tokushima hadi Shimanto. Ukiipita kwa baiskeli, hadhi yake ya kitaifa isikudanganye. Ndani ya bonde la Iya sehemu nyingi zinatosha gari moja tu: ukuta wa mlima upande huu, korongo upande ule, na kona ambazo huoni kilichoko mbele.

Sehemu ninayopendekeza kwa siku mbili inaanzia stesheni ya Sadamitsu. Unapanda Barabara 438 hadi Minokoshi, takribani mita 1,400 juu ya bahari, chini ya mlima Tsurugi. Hapo unaikuta 439 na kushuka nayo kupita madaraja mawili ya mitambaazi ya Oku-Iya, kisha Nagoro, kijiji chenye wanasesere wengi kuliko wakazi. Lala Higashi-Iya. Kesho yake unavuka kipito cha Kyobashira, zaidi ya mita 1,100, na kushukia Otoyo kwenye reli ya Dosan.

Kupanda ni hesabu tu. Chukua mwendeshaji na baiskeli yenye mizigo, jumla kilo 90, kwenye mwinuko wa asilimia 8. Gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, inakupa kilomita 7.5 kwa saa kwa nguvu ya wati 160 hivi. Ukiwa na meno 28 nyuma, mzunguko uleule unadai karibu wati 195, na saa mbili za kiwango hicho humaliza miguu ya watu wengi. Weka gia nyepesi bila aibu.

Mteremko ndio unaoumiza watu. Kushuka mita 900 kutoka Kyobashira na kilo 90 ni takribani kilojuli 800 za nishati. Kwenye barabara pana ukinzani wa upepo ungebeba sehemu kubwa. Hapa huwezi kuiachia baiskeli ikimbie, hivyo nyingi ya nishati hiyo inaishia kwenye breki kama joto. Kushikilia breki kidogo kidogo muda wote ndiko kunakochoma pedi na kuchemsha rimu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa, diski zipoe. Pedi za resini, aina laini ya breki za diski, huisha haraka sana kwenye mvua yenye mchanga, kwa hiyo beba jozi mbili za akiba na ujue kuzibadilisha kando ya njia. Kwenye breki za rimu, simama kila baada ya kilomita chache na uguse rimu kwa tahadhari, ikikuchoma, subiri.

Lami yenyewe ina hila zake. Misitu ya sugi, mierezi ya Kijapani, huiwekea kivuli mchana kutwa, kwa hiyo katikati, ambapo magurudumu ya magari hayapiti, huota kuvumwani na kujaa majani makavu. Fuata nyayo za magurudumu. Vifuniko vya chuma vya mitaro vinavyokatiza barabara uvivuke baiskeli ikiwa wima, bila breki, hasa vikiwa na maji. Tairi za milimita 35 zenye psi 45 hadi 50 zinatosha. Nyembamba zaidi hupasuka kwenye mawe yaliyoanguka.

Kwenye kona kuna vioo vya mviringo. Vitazame kila mara, lakini usiviamini kwa kupima umbali, kwani hufanya gari lionekane dogo na la mbali. Japani huendesha kushoto. Msomaji wa Mombasa au Arusha hatapata shida. Wa Bujumbura, Kigali au Bukavu ajichunge kila anapoanza tena baada ya kupumzika, maana barabara nyembamba haikukumbushi upande wako. Taa ya mbele, na taa au kiakisi mwanga nyuma, ni lazima kisheria ndani ya mahandaki.

Kibao chenye 通行止 maana yake njia imefungwa. Maporomoko ya ardhi hufuata mvua za Juni na Julai na tufani za Agosti hadi Oktoba, na theluji hufunga Minokoshi majira ya baridi. Mwulize mwenye nyumba ya wageni usiku uliotangulia, maana njia ya kuzunguka huweza kumeza siku nzima. Mei na mwishoni mwa Oktoba ndiyo miezi yangu, ingawa Oktoba bonde huingia giza mapema mno.

Nunua chakula cha siku mbili kabla ya kuondoka Sadamitsu. Mashine za vinywaji zipo vijijini, ila beba sarafu za yeni 100. Pakua ramani kwenye simu, kwani mtandao hukatika. Ambulensi ni 119. Kwa treni, baiskeli lazima iingie yote ndani ya mfuko, hata tandiko lisichungulie, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250.