Je, wajua kwa nini Land Cruiser ya umeme inafaa kufungwa betri nzito?

Kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ilianza kazi kwa kung'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser na Land Rover za watalii na kufunga mota za umeme mahali pake. Faida yake porini inaeleweka upesi: hakuna moshi, hakuna muungurumo wa kuwashtua wanyama, wala dizeli haisafirishwi tena masafa marefu hadi kambini. Mota haileti mabishano mengi. Mabishano huanza kwenye betri, kwa sababu ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya gharama, na ukikosea aina yake umeliharibu gari zima.

Betri zinazofaa kazi hii leo karibu zote ni za lithiamu, ila chini ya jina hilo kuna kemia mbalimbali, na mbili ndizo zinazoshindana hasa. NMC ina nikeli, manganizi na kobalti. LFP ina chuma na fosfati. Kwa uzito uleule NMC hubeba umeme mwingi zaidi: seli nzuri (yaani kimoja cha vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa betri) hufikia wati-saa 240 kwa kilo, wakati ya LFP huwa karibu 160. Mtu akiishia hapo atachagua NMC. Mimi ningechagua LFP, na nitaanza na huo uzito wenyewe.

Chukua gari linalotumia wati-saa 300 kwa kilomita, na linalotakiwa kutembea kilomita 150 kwa siku. Linahitaji kilowati-saa 45. Seli za LFP za kiasi hicho zina kilo kama 280, za NMC kama 190. Tofauti ni kilo 90 hivi, yaani abiria mmoja mwenye mwili. Betri za asidi tulizozizoea zingefika kilo 1,300, na kwa kuwa huharibika zikimalizwa mara kwa mara chini ya nusu, ungelazimika kubeba mara mbili ya hapo. Hizo tuziache.

Sasa lipeleke gari Ngorongoro. Kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta ni mita 600 hivi. Gari la tani 3 likipanda kimo hicho linahitaji kilowati-saa 4.9 za kuinua uzito peke yake, kabla hujahesabu matope na mawe ya njiani. Katika hizo, mchango wa zile kilo 90 ni kilowati-saa 0.15 tu, umeme wa kutembea nusu kilomita. Kwa gari dogo la mashindano, kilo 90 ni hasara ya kweli. Kwa gari la watalii linalokwenda polepole siku nzima, ambalo limeshatolewa injini, ekzosi na tangi la dizeli, ni bei ndogo. Kazi ya fundi ni kuugawa uzito mbele na nyuma ili springi za upande mmoja zisilemewe.

Ukishalipa bei hiyo, unapata nini? Kwanza, usalama. Mwaka 1997 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa fosfati ya chuma inaweza kupokea na kutoa lithiamu tena na tena. (Goodenough alikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019, akiwa na miaka 97.) Ndani ya fosfati, oksijeni imeshikamana na fosforasi kwa nguvu sana. Katika NMC, oksijeni imekaa kwenye matabaka ya metali, na joto likipita kiasi huanza kuachiliwa. Hapo moto unapata oksijeni kutoka ndani ya seli yenyewe, seli moja inaiwasha jirani yake, na kuuzima huo moto ni shughuli nzito. LFP huvumilia joto kali zaidi kabla ya kufika hali hiyo, na ikifika huwaka kwa nguvu ndogo zaidi. Asikudanganye mtu kwamba haiungui kabisa: kimiminika kilicho ndani yake kinashika moto, na gesi inayotoka kwenye seli iliyopasuka inaweza kulipuka. Lakini kwa gari lililogeuzwa kuwa la umeme karakanani, litakalorushwa na makorongo kila siku na watalii ndani yake, tofauti hiyo kwangu inatosha kumaliza ubishi.

Pili, umri. Seli nzuri za LFP huhesabiwa mizunguko 3,000 au zaidi ya kuchaji na kutumia kabla hazijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Za NMC mara nyingi ni kati ya 1,000 na 2,000. Udhaifu mkubwa wa LFP ni baridi, maana haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Anayegeuza gari kuwa la umeme huko Norwei lazima aweke vipasha joto. Katika mbuga zetu usiku wa namna hiyo ni nadra.

Kuna usumbufu mmoja ambao mmiliki hana budi kuuelewa. Volti za NMC hushuka taratibu kadiri umeme unavyotumika, kuanzia 4.2 kwa seli, kwa hiyo ukizipima unajua kilichobaki. Seli ya LFP hukaa karibu na volti 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha mwishoni inaporomoka ghafla. Dereva anayetegemea mita ya volti ataamini ana nusu, kumbe amebakiza kidogo sana. Kwa hiyo kifaa cha kusimamia betri, ambacho mafundi hukiita BMS, lazima kihesabu ampea zinazoingia na kutoka, na hesabu hiyo hupotoka polepole mpaka betri ijazwe pomoni ndipo inyooke. Ndiyo maana wenye LFP huambiwa wajaze hadi 100 mara kwa mara, wakati wenye NMC hushauriwa kuishia 80.

Hapa kambi iliyo ukingoni mwa kreta inahitaji mpango wake. Gari likiteremka, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Betri iliyojaa haina pa kuupokea, na dereva anabaki na breki za kawaida kwenye mteremko ule mrefu. Siku ya kushuka kreta, acha nafasi ya asilimia 10 hivi. Kujaza pomoni kufanyike siku nyingine.

Kishawishi kikubwa kwa fundi wa kwetu ni betri za mtumba za Nissan Leaf. Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2010, zina kilowati-saa 24 katika moduli (mafungu ya seli) 48 ambazo zinafunguka na kupangwa upya bila taabu. Lakini kemia yake ni ya manganizi, na pakiti haina mfumo wa kupooza kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinachoka upesi kwa sababu ya joto, na Nissan ikaja kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Kama unazitaka hata hivyo, pima uwezo wa kila moduli kwa kuijaza na kuimaliza. Volti peke yake hazitakuambia imechoka kiasi gani.

Na ukinunua seli mpya, soma kibandiko. Ikiandikwa volti 3.2 ni LFP, ikiandikwa 3.6 au 3.7 ni NMC au jamaa zake. Seli 96 za LFP kwa mfululizo hujaa kwenye volti 350, za NMC kwenye 403. Chaja iliyopangiwa NMC ikifungwa kwenye LFP itaisukuma mbali kupita kikomo chake, kwa hiyo chaja na BMS vipangwe kwa kemia uliyoinunua kabla waya wa kwanza haujaunganishwa.