Kufunga Akaunti Hakumlindi Mwanamke Anayeshambuliwa Mtandaoni

Kazi yangu ni kuwasaidia wanawake wanaoshambuliwa mitandaoni: waliosambaziwa picha za faragha, waliofunguliwa akaunti bandia kwa majina yao, wanaotumiwa matusi na vitisho na watu wasiowafahamu au, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na watu wanaowafahamu vizuri sana. Karibu kila anayenifikia huwa amekwisha kupewa shauri lile lile na mume, kaka, mkuu wake wa kazi, au askari aliyepokea malalamiko yake: "Si ufunge tu akaunti, dada, upumzike?" Wengine huwa wamelifuata kabla hatujaonana, na hapo kazi yangu huwa imekuwa ngumu maradufu. Nimelisikia tena hivi karibuni kwa mtu msomi mwenye nia njema, aliyelitamka kana kwamba anamwambia mtu anayenyeshewa aingie ndani. Nimeona nieleze kwa kirefu kwa nini shauri hilo halifai kuwa la kwanza, na kwa nini mara nyingi halifai kabisa.

Nianze na ushahidi, kwa sababu ndio unaopotea mapema. Mwanamke akishaifuta akaunti yake, ujumbe aliotumiwa na maoni yaliyoandikwa chini ya picha zake kwa kawaida havipatikani tena kwake, na muda wa kusubiri ukishapita, ambao katika majukwaa mengi makubwa ni takriban siku 30, havirudi. Aliyemshambulia hana hasara hiyo, kwani nakala zake anazo zote. Anayekwenda kushtaki, basi, anakwenda mikono mitupu, na atakayemsikiliza atamwuliza jambo la kwanza kabisa: uko wapi ujumbe wenyewe?

Hata kumzuia mtu kuna utaratibu wake. Ukimbloki kwanza, katika majukwaa mengi huwezi tena kuufungua ukurasa wake kwa akaunti yako, kwa hiyo nakala hutangulia na kuzuia hufuata. Nakala yenyewe nayo si picha ya skrini iliyokatwa ikabaki sentensi moja ya tusi, kama ninazoletewa kila mara. Inatakiwa ionyeshe ukurasa mzima, jina la akaunti, tarehe na saa, na kando yake kihifadhiwe kiungo cha chapisho pamoja na kiungo cha ukurasa wa mhusika. Jina linaloonekana hubadilishwa kwa sekunde chache, lakini katika majukwaa kadhaa nyuma ya jina hilo kuna namba ya akaunti isiyobadilika, na hiyo ndiyo inayomfaa mpelelezi anapoiandikia kampuni kuomba taarifa. Nimeona malalamiko mazito yakikwama kwa sababu tu mshambuliaji alibadili jina siku iliyofuata, na mlalamikaji hakuwa na kiungo.

Hapa nina shaka ambayo miongozo tunayogawiwa huipita haraka. Kukusanya ushahidi maana yake ni kuyasoma matusi upya, moja baada ya jingine, na kumtaka mtu aliyekwisha kuumia ajiumize mara ya pili kwa faida ya kesi ambayo huenda isifunguliwe. Huwa ninapendekeza ndugu au rafiki anayeaminika aifanye kazi hiyo kwa niaba yake. Lakini kama kilichosambazwa ni picha ya utupu, pendekezo langu maana yake ni kuongeza jicho moja zaidi katika macho yaliyokwisha kuiona. Wapo wanaokataa, na sijawahi kuona kuwa wamekosea. Kwa baadhi yao nadhani usingizi wa wiki moja ulikuwa na thamani kuliko faili lolote, na mwenye haki ya kupima hilo ni yeye.

Akaunti bandia ndiyo inayolianika vizuri zaidi kosa la shauri hili. Mtu amechukua picha zako, ameweka jina lako, anawaandikia jamaa zako. Unapoiripoti akaunti hiyo kwamba inajifanya wewe, jukwaa hutaka kulinganisha: ya kweli ni ipi? Ukiwa umeifuta ya kweli, iliyobaki yenye sura yako ni ile ya mwongo, na wewe ndiye unayeombwa kitambulisho. Mbaya zaidi, katika baadhi ya majukwaa jina la mtumiaji likishaachwa linaweza kuchukuliwa na mwingine yeyote. Katika tukio moja nililolishughulikia, mwanamke aliambiwa na wakubwa wake afute kila kitu ili mambo yatulie. Akafuta. Rafiki zake walipoona akaunti ya zamani imetoweka na nyingine yenye picha zile zile inawasalimu, walihitimisha kwamba amehamia huko, wakaanza kujibu, na mmoja wao akatuma fedha alizoombwa. Kabla ya siku ile walikuwa na njia ya kutambua uongo, kwa sababu akaunti halisi ilikuwapo na mwenyewe alikuwa ameandika juu yake kwamba ile nyingine si yake.

Kuhusu picha za faragha nitasema kwa ufupi, ingawa ndizo zinazowaleta wengi. Picha iliyosambazwa haiishi katika akaunti ya mwathirika, na kuifunga akaunti hakuigusi hata kidogo. Ipo huduma ya StopNCII, iliyoanzishwa mwaka 2021 na inayoendeshwa kutoka Uingereza, ambayo huikokotoa picha ndani ya simu yako mwenyewe na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha. Mfuatano huo ndio unaopelekwa kwa kampuni zinazoshiriki ili zizuie nakala zinazofanana, na picha yenyewe haiondoki mikononi mwako. Kwa aliyepigwa picha akiwa chini ya umri wa miaka 18 ipo Take It Down, inayoendeshwa Marekani kwa utaratibu wa aina hiyo. Mipaka yake ni hii: kampuni isiyoshiriki haihusiki, nakala iliyobadilishwa sana inaweza kupita, na kilichotumwa ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yale ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma, hakifikiwi. Nchini Marekani, sheria iliyosainiwa Mei 2025 inayataka majukwaa yaondoe picha za namna hiyo ndani ya saa 48 baada ya kupokea taarifa halali, zikiwemo zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Kipengele hicho cha mwisho kilihitajika: kampuni ya Deeptrace ilipozihesabu video bandia zilizokuwa mtandaoni mwaka 2019, ilikuta asilimia 96 ni za ngono zilizotengenezwa bila ridhaa. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajawahi kupiga picha ya utupu, hata asiye na akaunti popote, anaweza kutengenezewa video ya ngono kwa picha moja ya uso iliyowekwa mtandaoni na mwenzake wa kazini. Huyo naye tumwambie afunge nini?

Wanaolitoa shauri hili huongeza kwamba hayo ni mambo ya simuni tu, si maisha halisi. Utafiti wa UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Wanahabari uliofanyika mwaka 2020 uliwauliza waandishi wa habari wanawake, na asilimia 73 ya waliojibu walisema wamekumbana na ukatili wa mtandaoni, huku asilimia 20 wakisema walishambuliwa au kudhalilishwa nje ya mtandao kwa mambo yaliyohusiana na ukatili huo. Mwanamke anaposema anaogopa kutoka nyumbani kwa sababu anuani yake imechapishwa, hajachanganya simu na maisha.

Linaloniudhi kuliko yote ni dhana kwamba akaunti ya mwanamke ni pambo, kitu ambacho akikivua hapungukiwi. Wengi ninaowahudumia wanafanyia biashara humo: oda ziko ndani ya ujumbe, sifa njema iliyojengwa kwa miaka iko katika maoni ya wateja, na wateja wenyewe hawana namba yake nyingine. Wengine wamo katika makundi ya wanawake wenye ugonjwa mmoja. Nimemsikia mgonjwa wa endometriosisi, ugonjwa wa tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, akieleza kwamba kwa miaka aliambiwa maumivu ya hedhi ni ya kawaida, na kwamba ni katika kundi hilo alikojifunza maswali ya kumwuliza daktari. Harakati za Me Too dhidi ya unyanyasaji wa kingono, alizozianzisha Tarana Burke mwaka 2006, zilienea duniani Oktoba 2017 kwa njia hii hii ambayo wanawake wanaambiwa waiache. Ikumbukwe pia kwamba kwa ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, wanawake katika nchi za kipato cha chini na cha kati walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 kuliko wanaume wa kutumia intaneti ya simu. Walioingia ni pungufu tangu mwanzo, na sisi tunawashauri hao wachache watoke.

Nikifika hapo huwa ninajibiwa kwamba, hata hivyo, mitandao inawaharibu wanawake nafsi zao, kwa hiyo kutoka ni afya. Hoja hii si ya kupuuzwa, ila hutajwa kwa haraka mno. Nyaraka za ndani za Facebook, kampuni inayomiliki pia Instagram, zilizofichuliwa na mfanyakazi wake wa zamani Frances Haugen mwaka 2021, zilikuwa na takwimu inayonukuliwa kila mahali: asilimia 32 ya wasichana walisema kwamba walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia hali hiyo. Someni sharti lililomo: walipojisikia vibaya. Haisemi kwamba theluthi ya wasichana wote wanaharibiwa. Upande mwingine, uchambuzi wa watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza isiyozidi asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wa vijana, na wapo wanaoutumia kudai kwamba hakuna tatizo. Mimi siridhiki na dai hilo pia, kwa sababu wastani huweza kumficha mtu anayeumia sana kati ya wengi wasioumia. Ninachokiona kwa macho ni kwamba algoridhimu, yaani mfumo wa jukwaa unaochagua cha kukuonyesha, huhesabu hata muda uliosita juu ya video. Mama aliyejifungua juzi akitazama kwa huzuni tumbo bapa la mwanamke mwingine, mfumo husoma kwamba amependa na humletea mengine kumi. Tiba ya hilo ni kuisafisha orodha ya anaowafuata na kuuambia mfumo kwamba havutiwi na maudhui hayo, kazi ya dakika chache ambayo karibu hakuna anayemwelekeza. Kama inamtosha kila mtu, hilo sina hakika nalo, na anayetaka kupumzika kwa sababu hiyo apumzike.

Lipo hata hivyo jambo ambalo wanaohimiza kufunga hawalifikirii kamwe, nalo hunitia hofu kuliko mengine. Pale mshambuliaji anapokuwa mpenzi au mume wa zamani anayemfuatilia kupitia akaunti, kutoweka ghafla humwarifu kwamba amegundulika, na aliyezoea kutawala kwa mbali anaweza kuamua kuja mwenyewe mlangoni. Katika hali hiyo akaunti huachwa kama ilivyo kwa muda, nywila za barua pepe na benki hubadilishwa kwa kutumia kifaa ambacho mtu huyo hajawahi kukishika, uthibitishaji wa hatua mbili huwekwa kwenye namba asiyoijua, na mahali pa kwenda hupangwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kwa hiyo swali ninalomwuliza mwanamke kabla ya yote ni kama anayemshambulia anajua anakoishi. Ninawaomba kaka, waume, wakubwa wa kazi na maaskari waulize hilo kwanza, kisha wamwulize yeye mwenyewe anataka nini kifanyike. Jibu lake likiwa ni kufunga akaunti, mkae naye kwanza mhifadhi kila kilichomo.