Waebrania na Wagiriki: ujumbe wa "akili mbili" una kasoro

Kuna ujumbe unaozungushwa tena na tena kwenye magrupu ya WhatsApp, hasa ya mafundisho ya Biblia: eti Mwebrania wa kale aliwaza kwa vitendo na kumwona mtu kuwa kitu kimoja, ilhali Mgiriki aliwaza kwa nadharia na kutenga roho na mwili. Ndiyo maana, ujumbe huo unadai, nchi za Magharibi zikapotoka.

Fungua Mhubiri 12:7: mavumbi yanarudi ardhini, roho inamrudia Mungu. Hicho ni kitabu cha Kiebrania. Waepikureo nao, Wagiriki waliomfuata mwanafalsafa Epikuro, walifundisha kwamba roho imeundwa kwa atomu na hufa pamoja na mwili. Na kitabu cha Ayubu, je? Karibu chote ni mjadala juu ya haki, si vitendo.

Wala hapakuwa na ukuta kati ya Waebrania na Wagiriki. Torati ilitafsiriwa kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, kwa ajili ya Wayahudi wa Aleksandria, Misri. Agano Jipya lenyewe liliandikwa kwa Kigiriki.

Tofauti zilikuwepo, tena kubwa: dini, sheria, mtindo wa uandishi. Ila waandishi wa Ulaya wa karne ya 19 walipenda kuugawa urithi wao mafungu mawili, la Kiebrania na la Kigiriki, na mgawanyo huo ni rahisi kuhubirika.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Muulize aliyeutuma kwa upole: Wagiriki wepi, wa karne gani, na imeandikwa wapi?