Kware wa mjomba, hisa za Palm na stori za uongo kuhusu puto la bei

Mjomba wangu bado ana vile visimba vya waya nyuma ya nyumba. Mwaka 2013 Kenya nzima ilikuwa inafuga kware, yai moja lilifika hadi shilingi 100 wakati la kuku lilikuwa kumi na kitu, na watu wakawa mbio kuomba leseni KWS, shirika la wanyamapori, maana kware kisheria ni ndege wa porini. 2014 haijafika katikati wanunuzi wakayeyuka, sisi tukala mayai ya kware asubuhi na jioni mpaka tukayachukia. Sasa juzi tumekaa kwenye chai, binamu yangu anayesoma uchumi anasema eti puto la bei, yaani bei kupaa mbali na thamani halafu ikapasuka, haliwezekani, soko lina ufanisi, bei huwa sahihi. Mjomba akamwangalia tu. Nikaona haya mambo tunayachanganya sana.

Eti soko lenye ufanisi ni soko lenye bei sahihi

Hapa ndipo wengi wanateleza, hata wasomi. Nadharia aliyoieneza mchumi Mmarekani Eugene Fama miaka ya 60 na 70 inasema bei inabeba habari zote zilizopo, ila ndani yake mna madai mawili: kwanza, hakuna hela ya bure, huwezi kulishinda soko kirahisi, pili, bei inalingana na thamani ya kitu chenyewe. La kwanza linaweza kuwa kweli na la pili likawa uongo kabisa.

Cheki kilichotokea Marekani tarehe 2 Machi 2000. Kampuni ya 3Com ilikuwa inamiliki Palm, wale wa vile vikompyuta vya mkononi. Siku hiyo wakauza sokoni kama asilimia 5 ya Palm, zilizobaki wakasema baadaye mwaka huo watawagawia wenye hisa wao, yaani ukiwa na hisa moja ya 3Com utapata kama moja na nusu za Palm. Soko linafunga, Palm iko dola 95, 3Com iko dola 81 na kitu. Piga hesabu sasa, moja na nusu mara 95 ni kama dola 142, na hapo hujahesabu biashara nyingine za 3Com wala hela zao za benki. Ni sawa na kuuziwa kuku mwenye mayai tumboni kwa bei ndogo kuliko ya mayai peke yake!

Na haikuwa siri, magazeti yaliandika kesho yake. Sasa mbona watu hawakuichukua hiyo hela? Kwa sababu ili ufaidi ilibidi uazime hisa za Palm uziuze ghali, halafu uzinunue zikishuka uzirudishe, na za kuazima zilikuwa chache na ghali mno. Bei mbovu iko wazi mchana kweupe na bado hakuna wa kuila. Kwa hiyo binamu yangu alikuwa sahihi nusu.

Eti wajanja wenye hela watairudisha bei mahali pake

Muulize Julian Robertson wa Tiger Management, kampuni ya Marekani iliyowekeza hela za watu. Yeye alikataa kununua hisa za intaneti, akasema bei hazina maana, wateja wakachoka kuona majirani wanatajirika wakaanza kutoa hela zao, na mwisho wa Machi 2000 akatangaza anafunga. Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za Marekani zenye kampuni nyingi za teknolojia, ilikuwa imefika kileleni tarehe 10 mwezi huohuo, pointi 5,048! Kufika Oktoba 2002 ilikuwa 1,114. Jamaa alikuwa sahihi, basi tu hela za watu hazikumsubiri wiki chache.

Eti wanaonunua ni wajinga

Wengine wanajua vizuri sana. London mwaka 1720, kwenye lile puto la hisa za kampuni ya South Sea, benki ya Hoare's iliona bei imepanda kupita kiasi, ikanunua hivyohivyo, ikauza mapema na faida ikapata. Hata mjomba alijua hakuna anayekula mayai yote yale, wanunuzi wakubwa walikuwa wafugaji wapya wanaotaka mbegu tu, ila alijiambia atatoka kabla ya wengine. Na kila mfugaji alijiambia hivyohivyo.

Eti watu wakipewa habari zote puto haliji

Mchumi Vernon Smith na wenzake walijaribu hili maabara, matokeo yakatoka 1988. Washiriki waliambiwa wazi hisa italipa wastani wa kiasi gani kila raundi na raundi ziko 15, mtu mwenye kalamu anajua thamani yake. Bei zikapaa tu, halafu zikaporomoka. Kilichopunguza puto ni watu walewale kurudia mchezo mara mbili tatu, yaani mpaka waungue.

Eti puto unaliona mapema unatoka

Desemba 1996 Alan Greenspan, gavana wa benki kuu ya Marekani, aliuliza hadharani kama soko limepandwa na wazimu. Dow, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilikuwa kama 6,437 siku hiyo. Ilishuka chini ya hapo kidogo miezi ya mwanzo tu, baada ya hapo aliyeuza kwa kumsikia yeye angesubiri mpaka leo bei irudi pale, maana hata kwenye shimo la Machi 2009 ilifunga 6,547. Na sio kila anguko ni puto jamani, Safaricom ilipita shilingi 40 mwaka 2021 na 2023 ikawa chini ya 15, riba ya Marekani ikipanda na wageni wakitoa hela zao unategemea nini?

Nikamkumbusha binamu kwamba mwaka uleule wa kware, 2013, Nobel ya uchumi walipewa Fama anayesema neno puto halina maana kama huwezi kutabiri mwisho wake, na Robert Shiller aliyeonya kuhusu puto la nyumba kabla halijapasuka, pamoja na Lars Peter Hansen. Mjomba akauliza kati ya hao ni nani anahitaji visimba, atamfanyia bei poa.