Milima ya Lindi na Mtwara: Wageni Wanavyodhani na Hali Ilivyo

Watu wengi wanaokuja kutembea Rondo, Newala au Tendaguru hufika wakiwa na picha ya Kilimanjaro kichwani: geti, kilele, mabango, bomba la maji, choo cha vigae. Wasipovikuta hivyo huondoka wakisema kusini hakuna kitu. Vitu vipo, na vingine havipatikani popote pengine duniani, ila namna ya kuviendea ni nyingine. Zifuatazo ni dhana zinazoharibu safari mara kwa mara.

Dhana: Hakuna mlima, kwa hiyo hakuna cha kupanda

Mgeni akisimama Nyangao, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, na kuuliza kilele cha Rondo kiko wapi, hataonyeshwa, kwa sababu hakipo. Rondo ni uwanda wa juu: ukuta mrefu wa miteremko mikali na makorongo, kisha ukishafika juu nchi inalala sawa kama meza. Uwanda wa Makonde, wenye miji ya Newala na Tandahimba, uko vivyo hivyo. Sehemu za juu kabisa zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kazi ya miguu iko ukingoni na kwenye makorongo, na huko ndiko mandhari yalipo. Anayetaka mwamba wa kushika kwa mikono aende Masasi. Vilima vya mawe vilivyosimama peke yake pale mjini, ukiwamo Mtandi, ni miamba migumu iliyobaki baada ya ardhi laini iliyoizunguka kumomonyoka.

Kimo hicho si kikubwa, lakini kinabadili hewa. Ukitoka Lindi mjini ukapanda hadi Rondo, joto hushuka kwa kama nyuzi tano. Usiku wa Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma juu ya uwanda, mtu aliyekuja na shuka moja kwa kuwa "kusini ni joto" hatalala. Chukua sweta na blanketi.

Dhana: Shimo la Mungu ni shimo lisilo na mwisho

Jina ndilo linalopotosha. Pale Newala hakuna tundu ardhini. Ni ukingo wa uwanda wa Makonde: ardhi inakatika ghafla na kuporomoka hadi kwenye bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ukisimama juu unatazama chini kwenye nchi tambarare iliyofifia kwa umbali, na ndiyo maana macho ya wazee yaliona shimo.

Hatari yenyewe haina muujiza wowote. Udongo wa ukingoni ni mchanga mwekundu uliolegea, na mvua huuchimba kwa chini huku juu ukionekana mzima. Nyasi zilizoota pembeni kabisa si ushahidi kwamba pana uzito wa kukubeba. Simama hatua mbili au tatu nyuma ya ukingo, na mtoto ashikwe mkono, si nguo. Picha ya kujipiga mwenyewe huku umeupa ukingo mgongo usiipige. Mwombe mwenzako akupige akiwa upande wa ndani. Asubuhi za baridi bonde hufunikwa na ukungu, kwa hiyo anayefika saa moja huona weupe mtupu. Subiri jua lipande, au nenda alasiri. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali, na hapo uko jirani na mpaka, basi usirushe kwa kubahatisha.

Dhana: Mlimani maji hayakosi

Hili ndilo kosa linaloumiza watu wengi kuliko yote. Mtu amezoea Usambara au Uluguru, ambako kila bonde lina kijito. Uwanda wa Makonde na wa Rondo umefunikwa na mchanga mzito unaokunywa mvua yote. Maji hupita chini, kisha hutokea kama chemchemi kule miguuni mwa miteremko. Juu unaweza kutembea siku nzima katika nchi ya kijani usikutane na mfereji hata mmoja. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani, na hadi leo maji ya bomba ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka visima vya bonde la Kitangari.

Hesabu yake ni hii: lita nne za kunywa kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na lita tatu zaidi kwa kila mtu mtakapolala, kwa kupika na kunawa. Watu watatu kwa siku moja na usiku wake wanahitaji lita 21, yaani dumu la lita 20 lililojaa pamoja na chupa ya akiba. Usipange kuomba maji kijijini. Utapewa, kwa sababu watu ni wakarimu, lakini unakunywa maji ambayo mtu ameyanunua au ameyafuata mbali.

Dhana: Desemba ndio mwezi wa kutembea

Fedha za korosho zimeingia, shule zimefungwa, kila mtu anataka kutoka. Lakini huku mvua huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili na kuingia Mei. Desemba ni mwanzo wa matope. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Agosti na kuendelea nyasi zimelala na njia zinaonekana. Septemba na Oktoba kuna joto na moshi wa mashamba yanayosafishwa.

Mtu mwenye kifua ajue pia kwamba kati ya Juni na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa, na vumbi lake husafiri asubuhi hewa ikiwa imetulia. Pita maeneo ya mashamba baada ya saa nne, au vaa barakoa.

Dhana: Komba wa Rondo ni yule komba wa tembo la mnazi

Tunasema mtu amelewa kama komba kwa sababu komba mkubwa hupenda vibuyu vya mgema. Wa Rondo ni mwingine kabisa. Uzito wake ni gramu 60 hivi, hafiki hata yai dogo la kuku wa kienyeji mara mbili, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Wataalamu walimtambua rasmi kama spishi ya pekee katika miaka ya 1990, na ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote. Yuko hatarini kutoweka.

Kuna kosa la pili ndani ya hilo: kwamba anapatikana Rondo peke yake. Ameonekana pia Litipo, karibu na ziwa Lutamba, na Ziwani mkoani Mtwara, hadi misitu ya Pugu na Zaraninge mkoani Pwani. Tatizo lake ni kwamba vipande vyote hivyo vya msitu ni vidogo na vimeachana. Komba hawezi kuvuka kilomita za mashamba kwenda kutafuta mwenza, kwa hiyo kipande kimoja kikifyekwa, waliokuwamo wamekwisha.

Namna ya kumwona: ingia msituni na mwongozaji kabla jua halijazama, mkae kimya. Saa ya kwanza ya giza ndiyo yenye sauti nyingi. Wengi humtafuta juu kwenye matawi makubwa wakamkosa. Huyu hupenda vichaka vya chini, akishikilia mashina yaliyosimama na kurukia wadudu. Shika tochi usawa wa macho yako, si kiunoni, maana mng'ao wa macho yake hurudi ulikotoka mwanga. Funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye kioo cha tochi. Mwanga mweupe mkali humpofusha kwa muda, akatulia kama aliyepigwa butwaa au akakimbia, na usiku wake wa kutafuta chakula umeharibika. Dakika mbili tatu zinatosha, kisha mwacheni.

Dhana: Miti yote ya Rondo ni msitu wa asili

Ukiona miti imepangwa mistari iliyonyooka, hilo ni shamba la miti la serikali. Msitu wa asili hauna mistari. Rondo iliwahi kusifika kwa mivule mikubwa, na mingi ilivunwa wakati wa ukoloni. Kilichobaki ni hazina ya mimea, na baadhi yake haioti kwingine duniani. Kwa hiyo hata kung'oa ua kwa ajili ya picha ni kosa lenye uzito.

Wengine hudhani ni hifadhi ya taifa, wakaenda kuuliza ofisi za TANAPA. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Utaratibu: wasiliana na ofisi ya TFS ya Lindi siku kadhaa kabla, taja idadi ya watu na kama mnalala, upewe namba ya malipo ya serikali, ulipe kwa simu au benki, utembee na risiti. Usimpe mtu fedha mkononi. Ukifika, pita kwa mtendaji wa kijiji ujitambulishe na upate mwongozaji wa pale pale. Gari geni lililoegeshwa kando ya msitu bila taarifa hudhaniwa la wavuna magogo, na ni haki ya wanakijiji kulitilia shaka.

Dhana: Ukienda Tendaguru utaona mifupa ya yule mjusi mkubwa

Tendaguru ni kilima cha kawaida, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi. Mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale waitwao mijusi, ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913. Watu wetu ndio waliochimba, hadi 500 kwa msimu, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake lingestahili kujulikana na kila mtoto wa Lindi. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Jumla ilikuwa tani zipatazo 250. Kiunzi kinachosimama katika jumba la makumbusho la Berlin kina kimo cha mita 13.27, na hakikutokana na mnyama mmoja. Kimeunganishwa kwa mifupa ya kadhaa. Tena si mjusi. Dinosaria ni ukoo wake wenyewe, na walio karibu nao zaidi leo ni ndege.

Kwa hiyo ukienda bila kujua la kutazama utaona pori tu. La kutazama ni mawe. Tabaka tatu zenye mifupa zimepishana na tabaka za bahari, maana miaka milioni 150 iliyopita hapa palikuwa pwani inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Ukiinama kwenye makorongo utaona magamba ya viumbe wa baharini yaliyogeuka jiwe. Yatazame, yapige picha, yaache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda urithi wa namna hiyo, na kipande kikiondolewa mahali pake mtaalamu hawezi tena kujua kilitoka tabaka gani.

Kabla ya Julai nyasi hukuzidi kimo, na maeneo ya ndani ya Lindi yana tembo wanaotoka hifadhini. Uliza kijijini kama wamepita wiki hiyo. Jibu likiwa ndiyo, ahirisha.

Dhana: Ukiwa na gari la nguvu, njia haikushindi

Mchanga hauogopi nguvu. Dereva anapokanyaga mafuta, tairi hujichimbia kaburi. Shusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 22 hivi, ingia gia ya pili kabla ya mchanga na usibadilishe katikati, usikate kona ghafla. Beba pampu ya kujazia upepo utakaporudi kwenye lami. Wakati wa kushuka Rondo tumia gia ya kwanza au ya pili iizuie gari. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto na kulegea kabla ya kufika chini.

Dhana: Kuni zilizokauka ni za bure

Pikia gesi ndogo au jiko la mkaa ulilokuja nalo. Majani makavu ya msitu wa pwani hulala kwa unene, na moto huweza kutambaa chini yake na kwenye mizizi saa kadhaa baada ya wewe kuona umezima. Mahema, chakula, karatasi za chooni na jembe dogo la kuchimbia choo ni vyako. Asiyetaka hema alale nyumba za wageni za Mtama, Ndanda, Masasi au Newala.

Dhana: Jiwe la nyoka huvuta sumu

Halivuti. Wala kuchanja, kunyonya au kufunga kamba ya kukaza hakusaidii. Kamba huua nyama ya mguu, hasa kwa sumu ya kifutu. Mlaze mtu, mvue pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujaja, funga mguu kwenye kijiti usitikisike, andika saa aliyoumwa, mbebe asitembee. Katika barabara ya Lindi kwenda Masasi kuna hospitali Nyangao na Ndanda. Piga simu ukiwa njiani kuuliza kama dawa ya sumu ipo, ili usipoteze saa moja kwenda mahali ambako haipo.

Na upupu, ambao watu huukuna: usikune, usioge kwanza. Vua nguo taratibu, bandika utepe wa gundi au donge la ugali uliopoa kwenye ngozi, bandua, rudia mpaka vinyweleo viishe. Maji na sabuni vije mwisho. Nguo zile zifungwe kwenye mfuko peke yake, zisichanganywe na za wenzako garini.