Sheria ndogo: udogo wake uko wapi?

Mama lishe anayepika kando ya kituo cha daladala akikamatwa na mgambo, kosa lake lina jina refu: kukiuka sheria ndogo za afya na usafi wa mazingira za halmashauri. Hilo neno "ndogo" linadanganya. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni unga, mafuta na mkaa wa siku moja, faini yake si ndogo hata kidogo, na asipolipa anaweza kufikishwa mahakamani.

Udogo wenyewe ni wa ngazi na wa eneo. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri kwa mamlaka iliyokasimiwa na Bunge, hivyo ya Kinondoni haimhusu mtu aliyeko Moshi, na ikipingana na sheria mama, ile ya Bunge, haina nguvu. Kwa Tanzania Bara mamlaka hayo yamo katika sheria mbili za 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji. Juu ya usafi na mazingira zipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Kanuni ni kitu kingine: hutungwa na waziri na kushika nchi nzima, kama ile iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019. Nalo tamko la kiongozi kwenye mkutano wa hadhara, hata akiligongea meza, si sheria ndogo.

Rasimu huandaliwa na wataalamu wa halmashauri, hupita kwenye kamati, kisha huingia Baraza la Madiwani. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Afisa afya atasimama na kukumbusha kipindupindu cha 2015, kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoani. Chakula kifunikwe, kila mpishi apimwe afya, kila nyumba iwe na choo. Diwani wa kata yenye soko atauliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hao akina mama kabati la kioo watalinunua kwa hela gani?" Sijawahi kumsikia diwani akisema uchafu ni mzuri. Ubishi karibu wote ni wa nani alipe.

Tazama ada ya taka. Ikiwekwa sawa kwa kila kaya, mpangaji wa chumba kimoja analipa sawa na mwenye ghorofa. Ikipangwa kwa aina ya nyumba au biashara, lazima mtu apite kuzihesabu, na hapo kuna kubishana mlangoni. Halafu gari lenyewe la taka likikosa kupita wiki mbili, diwani ndiye anayesimamishwa njiani akaulizwa hela zinakwenda wapi, si mkandarasi. Ndiyo maana kifungu cha mistari mitatu kinaweza kumaliza asubuhi nzima ya kikao.

Baraza likipitisha, safari bado. Sheria ndogo za halmashauri huenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Za kijiji huidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Katikati ya safari hiyo wananchi wanapaswa kutangaziwa rasimu ili watoe maoni au pingamizi. Mara nyingi tangazo lenyewe ni karatasi iliyobandikwa ubaoni kwenye ofisi ya mtaa, juu ya karatasi nyingine za zamani, kwa Kiswahili cha kisheria kinachochosha. Mama lishe anapita hapo alfajiri akiwa na ndoo kichwani. Anakuja kukijua kifungu siku ya mgambo. Siku hiyo swali lililobaki la kuuliza ni namba ya Tangazo la Serikali, ile inayopewa ikitangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya halmashauri iliyofika mwisho wa safari inayo.